Jiwe Lina Mwenyewe: Juu ya Visanduku vya Kijapani na Maji ya Wagenia

Katika mikutano ya chama chetu kuna ubishi usiokwisha, na tumeona heri tuuweke kwenye karatasi kuliko kuuacha uzunguke mudomoni kila tunapokutana. Wenzetu wamoja wanasema kwamba mambo ya akwariomu, yaani kile kisanduku cha kioo ambamo mutu anafuga samaki na kupanda majani ya majini, hayana nafasi katika kitabu cha desturi zetu. Ni anasa ya watu wa Ulaya na Japani, wanasema, watu wenye kushiba. Wengine wanapiga kelele kinyume: Wajapani wametuibia! Majani ni yetu, samaki ni wetu, hata ule ujuzi wa kupanga mawe ndani ya maji ni wa Wagenia, basi walipe. Na kundi la tatu, ndilo kubwa, halisemi kitu. Linakwenda kupiga picha juu ya mawe ya Wagenia, linapeleka kwa ndugu wa Kinshasa na wa Brussels, halafu linarudi nyumbani kula. Sisi tunaona makundi yote matatu yamekosea, na la tatu limekosea zaidi.

Tuanze na kisanduku chenyewe, maana wengi wanakisema bila kukijua. Hatusemi juu ya ile chupa kubwa ya sebuleni yenye muchanga wa bluu, majani ya plastiki na kanumba ka kuchekesha watoto. Hiyo tunaijua, tumeiona kwa wakubwa, na mara nyingi samaki wake wamekwisha kufa. Tunasema juu ya kisanduku cha namna ya Kijapani, ambamo mutu anapanga mawe na miti mikavu na majani hai mupaka ukitazama unafikiri umeinama juu ya kijito cha porini. Aliyeitangaza kazi hii duniani ni Takashi Amano, aliyezaliwa mwaka 1954 katika jimbo la Niigata. Kwanza alikuwa mukimbizaji wa kinga, ile baiskeli yetu, katika mashindano ya kulipwa. (Wale waliokula mukate wa toleka hapa Kisangani wafurahi kidogo: kinga inaweza kumufikisha mutu mbali.) Mwaka 1982 akaanzisha kampuni yake, katika miaka ya 1990 vitabu vyake vya picha vikazunguka inchi nyingi, na tangu 2001 kukawa mashindano ya dunia nzima ya kupanga visanduku hivyo. Mwaka 2015 alimaliza kazi kubwa katika nyumba ya samaki ya Lisbon: kisanduku chenye urefu wa metre 40 na litre 160 000 za maji. Miezi michache nyuma, mwezi wa nane mwaka ule ule, akafariki.

Sasa tusikilize vizuri anavyopangwa huyo kijito wa kioo, maana hapa ndipo wenzetu wa kundi la kwanza wanapopotea. Upangaji wa mawe peke yake Wajapani wanauita iwagumi. Mawe yanawekwa kwa hesabu isiyogawanyika kwa mbili: matatu, matano, saba. Kila jiwe lina jina la kazi yake. Kubwa kuliko yote ni oyaishi, jiwe muzazi, nalo haliwekwi katikati kabisa bali pembeni kidogo, na linainamishwa kidogo namna maji ya muto yangeliinamisha. Linalolifuata kwa ukubwa ni fukuishi. Soeishi linasimama karibu na muzazi kumutia nguvu. Na la mwisho ni suteishi, jiwe la kutupwa, dogo, ambalo majani yakikomaa yanaweza kulifunika lisionekane tena. Lakini ukiliondoa, macho yanasikia kwamba kitu kinakosa. Mishipa ya mawe yote inapaswa kuelekea upande mumoja, kwa sababu katika muto maji hayapiti huku na huku kwa wakati mumoja.

Ujuzi huu Amano hakuuanzisha. Aliurizi. Wajapani wana kitabu cha kupanga bustani, Sakuteiki, cha karne ya 11, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni juu ya kusimamisha mawe. Kinafundisha kwamba mupangaji afuate jiwe linavyotaka, asilazimishe. Kina na miko pia: jiwe lililokuta limesimama porini usililaze, na lililolala usilisimamishe, maana utaleta mabaya juu ya nyumba. Ndugu musomaji, unasikia? Watu wa Japani, wenye treni za kukimbia kama risasi, wana mwiko wa jiwe, na hawaoni haya. Waliuandika, wakautunza karibu miaka elfu moja, na leo mwiko ule unauzwa kwa euro ndani ya visanduku vya kioo. Sisi mwiko wetu wa jiwe tunauita ushenzi mbele ya wageni, halafu usiku tunaufuata.

Sasa twende Wagenia. Boyoma ni maanguko saba yanayofuatana kwa kilometre karibu 100 kutoka Ubundu mupaka hapa, na muto unashuka karibu metre 60 katika safari hiyo. Anguko la saba, la mwisho, ndilo letu, pale mujini. Maji yenyewe yamechimba mashimo katika mwamba kwa miaka ambayo hakuna mutu anaweza kuihesabu. Ndani ya mashimo hayo Wagenia wanasimika miti minene, wanaifunga pamoja kwa kamba za porini, zile kekele, na kwenye miti wanatundika vikapu vikubwa kama kengele, midomo wazi kuelekea maji yanakotoka. Nguvu ya maji inamusukuma samaki ndani, na nguvu hiyo hiyo inamuzuia kutoka. Ni hayo tu. Hakuna motere, hakuna wavu wa nailoni. Lakini jaribu wewe kusimika muti mumoja pale! Ukikosea shimo, maji yanauchukua mbele ya macho yako. Ukikosea pembe, kikapu kinageuka, samaki anapita pembeni akikucheka. Stanley, aliyepita hapa kwa bunduki mwezi wa kwanza mwaka 1877, alieleza miti hiyo na vikapu hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1878. Hata yeye, mutu asiyesifu watu wetu bure, ilimubidi aandike kwamba ameona kazi.

Basi musomi wa kundi la kwanza anayesema kupanga mawe na maji ni mambo ya wengine, atuambie: muvuvi wa Wagenia anafanya nini kila asubuhi? Anasoma mawe. Anajua jiwe gani linagawanya mukondo, gani linauzungusha, gani linaficha nyuma yake kinyamazi cha maji ambamo samaki anapumzika. Anajua pia lile lisiloonekana. Kule Kyoto kuna bustani kavu ya Ryoanji, yenye mawe 15 yaliyopangwa hivi kwamba popote ukisimama unaona 14 tu. Wageni wanalipa kuingia, wanakaa chini, wanatafakari juu ya lile la 15. Hapa kwetu jiwe la 15 ndilo linalopasua mutumbwi. Muvuvi hana nafasi ya kulitafakari, analijua, na alifundishwa na baba yake.

Lakini hapo ndipo tunapoachana na kundi la pili, wenye kusema tumeibiwa. Hapana. Kufanana sio kuibiwa. Mujapani anapanga mawe kwa ajili ya jicho. Mugenia hapangi mawe, anayapanga miti na vikapu kwa kufuata mawe ambayo maji yalikwisha kuyapanga. Mumoja anatafuta utulivu, mwingine anatafuta chakula cha watoto na pesa ya shule. Na kuna tofauti kubwa zaidi ambayo watu wa picha hawaioni. Katika kisanduku, jiwe ni la mwenye kununua. Pale Wagenia, kila mahali pa kutegea pana ukoo wake, panarisishwa, panagombaniwa, panaamuliwa na wazee. Mawe yale ni daftari la ardhi la watu wasioandika kwenye karatasi. Mugeni anaona mwamba na povu. Mwenyeji anaona shamba la fulani, mupaka wa fulani, mahali pa marehemu fulani. Kusema «Wajapani wametuibia iwagumi» ni kulishusha jambo letu. Ni kulifanya pambo, wakati lenyewe ni sheria.

Kuhusu majani, neno la kundi la pili lina uzito kidogo zaidi, na hatutalipita mbio.

Mutu akifungua picha za visanduku vya Kijapani, ataona mara nyingi majani ya aina mbili yaliyofungwa juu ya mawe na juu ya miti. La kwanza ni Anubias, jani gumu, la kijani kizito, linaloota polepole na kuvumilia kivuli. Jamaa yote ya Anubias ni ya Afrika peke yake, magharibi na katikati. Ile ndogo inayopendwa zaidi inatoka Kameruni, na nyingine ziko katika bonde letu la Kongo. La pili ni Bolbitis heudelotii, la jamaa moja na misili tunayokula, isipokuwa hili hatuliweki chunguni: jani jeusi-kijani, lenye kuangaza maji yakilipitia, linaloshika mawe katika mito yenye mbio. Wauzaji wengine wanaliita kwa jina la Kongo. Ukitaka kuyaharibu majani haya mawili, yazike katika udongo; shina lao la kutambaa litaoza. Wapandaji wanayafunga juu ya jiwe kwa uzi, wanangoja muzizi ushike, ndipo uzi unaoza wenyewe. Wameifunza wapi namna hiyo? Kwa mumea wenyewe, namna unavyoishi kwenye mawe ya mito kama yetu. Hata ile pompu ya kusukuma maji usiku na muchana ni mashine ya kuiga kitu ambacho anguko la maji linafanya bure: kuchanganya maji na hewa, na kuleta chakula kipya mbele ya kila jani.

Na samaki vilevile. Yule mwenye rangi za upinde wa mvua, anayeogelea kwa makundi, dunia nzima inamuita tetra wa Kongo. Boulenger, Mubeleji aliyefanya kazi London, alimuandika mwaka 1899. Yule anayeogelea chali, tumbo juu, ndugu wa likoko, naye ni wa mito ya Kongo. Wanaishi leo katika vyumba vya Tokyo na Berlin, wanazaliwa huko huko, hawajawahi kuonja maji yetu.

Je, huo ni wizi? Tuseme kweli. Majani mengi yanayouzwa leo hayatoki porini kwetu. Yanazalishwa kwa wingi katika mashamba na maabara, Singapore, Denmark na kwingine. Muti wa mama uliondoka zamani, wakati hakuna aliyeuliza ruhusa, wala hakukuwa na sheria ya kuulizia. Halafu mwaka 2010, mwezi wa kumi, mataifa yalikutana katika muji wa Nagoya, Japani (ndiyo, huko huko Japani) wakakubaliana kwamba mwenye kuchukua mbegu, mumea au munyama wa inchi nyingine kwa kutafuta faida katika asili yake aombe kwanza na agawane faida, na kwamba ujuzi wa wenyeji juu ya vitu hivyo nao unahesabiwa. Maagano yale yalianza kazi mwaka 2014, na Kongo yetu ni mumoja wa waliotia mukono. Lakini hayarudi nyuma kufuata jani lililoondoka kabla yake. Wenzetu wanaotaka kumushitaki muuza majani wa Osaka watangoja sana mulangoni.

Zaidi ya hayo, ili uombe kugawana ujuzi, inabidi uonyeshe kwamba ujuzi huo uko, uko kwa nani, na unasema nini. Hapo ndipo tunakuwa bubu. Tazama majina. Anubias ni jina la mungu wa Misri ya kale, alilopewa mumea huu na Schott mwaka 1857. Heudelotii ni jina la Mufaransa, Heudelot. Kuna kamba mudogo anayesafisha majani katika visanduku. Yeye ni wa Japani na kando yake, na wafugaji wanamuita kwa jina la Amano. Sasa muvuvi wa Wagenia anayaitaje majani yanayoshika mawe ya anguko? Anajua yapi yanateleza chini ya muguu, yapi yanamuficha samaki mutoto, yapi yanatoa maua pale maji yakishuka na mawe yanabaki wazi? Anajua. Tumuulize jina, analitaja bila kufikiri. Lakini jina hilo haliko kwenye cheti cha duka lolote, na hatulioni hata katika vitabu vya shule tunavyofundishia watoto wa Kisangani. Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna onyo lingine ambalo watu wa kundi la pili hawapendi kulisikia, maana linaharibu hesabu yao. Biashara ya mapambo ya maji inakwenda pande zote mbili, na sisi tumekwisha kuonja upande wa pili. Ile Kongo ya sika, yale majani ya kuelea yenye maua ya zambarau yanayoshuka na muto kama visiwa, yanayofunga bandari na kukaba mitumbwi, hayakuzaliwa hapa. Ni majani ya Amerika ya Kusini, yaliyotembezwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri. Yalijaa katika muto wetu miaka ya 1950, Wabeleji wakapigana nayo kwa dawa za sumu, yakawashinda. Wazee walilipa jina la kichekesho, Kongo mupya, na kichekesho hicho kiko na sisi mupaka leo. Kwa hiyo mutu akituambia tufungue biashara ya majani na samaki wa mapambo, aingize haya na kutoa yale, tunamujibu: polepole, Papa. Kule Mbanza-Ngungu, inchi ya chini, kuna samaki kipofu wa mapangoni, Caecobarbus, aliyeandikwa mwaka 1921. Wapenda visanduku walimutaka sana kwa sababu hana macho. Sheria ya koloni ilibidi imukinge tangu 1937, na mwaka 1981 akaingizwa katika orodha ya maagano ya dunia juu ya biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kutaka sana kitu cha mutu kunaweza kukimaliza, hata bila chuki.

Tumefika kwa kundi la tatu. Tunawajua, wengine ni ndugu zetu na wengine tunakaa nao katika kamati.

Kundi hili linapenda Wagenia kama picha. Halikuanza jana. Mwaka 1894, Leta ya Léopold II ilichapisha tembre ya santimu 10 yenye sura ya maanguko haya, kwa jina la Stanley Falls. Tangu hapo tumebaki tembre. Maanguko kwenye kadi za posta, kwenye kalenda za makampuni, kwenye ukuta wa hoteli, kwenye kitambaa cha siku kuu. Mukubwa akifika kutoka Kinshasa anapelekwa pale, vijana wanaruka majini, anatoa makuta kidogo, msafara unaondoka. Kitabu kikubwa juu ya jando la Wagenia, lile la mwaka 1970, nani alikiandika? Muholanzi, André Droogers, na kilitoka mwaka 1980 katika Kiingereza. Hatumulaumu, tunamushukuru! Alikaa, aliuliza, aliandika. Tunauliza tu: wasomi wa Kisangani mara ngapi wamekaa juu ya lile jiwe na kalamu mukononi? Mwaka 2010 wanasayansi wa kwetu na wa Ubeleji walipanda mashua hapa Kisangani, safari waliyoiita Boyekoli Ebale Congo, wakakusanya samaki, majani, wadudu. Kazi nzuri, na Iniversite yetu imepata nguvu kutoka kwake. Lakini samaki katika chupa ya alkoholi hasemi ni jiwe gani aliponaswa, wala ni la ukoo gani.

Tena sio neno la kungoja. Tangu miaka mingi watu wanazungumzia kujenga kizuizi cha umeme kule Wanie-Rukula, juu ya anguko letu. Hatuko wapinzani wa umeme. Nani katika Kisangani anaweza kuupinga? Mashine za kwanza za Tshopo ni za wakati wa Wabeleji, na usiku tunaujua giza kwa jina. Lakini kizuizi kikijengwa juu, maji yanabadilika chini: saa yake ya kupanda, nguvu yake, udongo anaobeba. Mashimo ya miti yatabaki, mukondo uliyoyapa maana unaweza kuhama. Siku ile wataalamu watakuja na karatasi kuuliza nani anapoteza nini, ili alipwe. Wataandika nyumba, wataandika miti ya matunda. Je, wataandika mahali pa kutegea? Wataandika nini, kama sisi wenyewe hatuna orodha? Watatuambia: «Mawe ni mawe tu, mayi iko, munatafuta nini tena?» Na tutakasirika, na hasira haitakuwa na hesabu ya kuonyesha.

Kwa hiyo ubishi wa kisanduku tunauona ni wa maana, ila sio kwa sababu wenzetu wanazozitoa. Mujapani hakutuibia, lakini ametuonyesha kitu: watu wanaolipa jiwe jina, na kuliandika, wanaweza kulisafirisha mupaka Lisbon na bado likabaki lao. Jiwe la kutupwa, lile suteishi, lina jina. Jiwe muzazi wa mutego wa ukoo mukubwa wa Wagenia lina jina pia, na liko katika kichwa cha muzee ambaye miguu imeanza kumuchoka.

Kuna wenzetu waliopendekeza chama kiweke kisanduku kikubwa cha namna ile pale wageni wanapofikia, mawe ya kwetu, majani ya kwetu, samaki wa kwetu. Sisi hatukatai. Itakuwa vizuri mutoto wa Makiso ambaye hajawahi kushuka mupaka kwenye maji auone uzuri wa chini. Lakini tunaweka masharti, na tutayashika hata tukibaki wachache. Jiwe lisitolewe katika anguko, hata moja; mawe ya kando, yaliyokwisha tupwa na maji, yanatosha, nayo yapimwe kwanza kwa tone la siki, maana jiwe lenye chokaa litachemka na litaharibu maji ya samaki. Majani yachukuliwe kwa kipande, shina libaki juu ya mwamba wake. Samaki wasinunuliwe kwa muchuuzi asiyejua wametoka wapi. Mawe yapangwe na muvuvi, sio na mupambaji wa hoteli: yeye aseme maji yanatoka wapi na jiwe liiname wapi. Na kando ya kioo pawe na ubao wenye majina katika Kienya kwanza, halafu Kiswahili na Lingala, Kifaransa mwisho, na majina ya kisayansi kwa wenye kuyahitaji.

Lakini kabla ya kioo, daftari. Tunataka maji yakishuka, wajumbe wa chama na wanafunzi wawili watatu wa Iniversite wafuatane na wazee wa kila ukoo, jiwe kwa jiwe, shimo kwa shimo, waandike: jina, mwenyewe, aliyemurisisha, samaki anayeingia pale, majani yanayoota pale, mwiko wake kama uko. Nakala moja ibaki kwa wazee, moja kwa shefu, moja kwenye komini, moja katika Iniversite. Wazee wakisema jambo fulani lisiandikwe, lisiandikwe. Pesa ya kazi hiyo haifiki hata bei ya kioo cha metre mbili, na tunaambiwa pesa ya kioo imekwisha kuahidiwa.